Mwiko Juu ya Sufuria

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uzi mwekundu.

Ulikuwa mfupi, hauzidi urefu wa ukucha, umenasa kwenye ufa wa mwiko. Mwiko wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya kifuniko cha sufuria kubwa, umekikata katikati kama mstari uliopigwa kwa rula. Jumatatu, Inspekta alipoingia jikoni humu kwa mara ya kwanza, aliupiga picha akaandika kwenye daftari: mwiko, safi, mkavu, uzi mwekundu. Chini yake akaandika: dirisha la jikoni wazi. Kisha watu wa maabara wakaichukua sufuria na nyama iliyobaki ndani yake, mwiko ukatiwa kwenye mfuko wa ushahidi, na kila mtu akaanza kuzungumza habari za sumu ya panya.

Leo ilikuwa Jumatano. Alikuwa amerudi na ule mfuko mkononi.

"Unatafuta nini tena, Afande?"

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani, binti wa marehemu. Alisimama mlangoni bila kuingia. Macho yalikuwa yamevimba, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Simu ya kuugua kwa mama yake ilimkuta kwenye cherehani Jumapili usiku, na tangu siku hiyo hajakumbuka kuivua.

"Sumu mmeikuta chini ya sinki," alisema. "Pakiti imefunguliwa. Mke wa kaka aliyeinunua mmemkamata. Mama yuko mochwari, Baba yuko wodini. Mimi sielewi mnasubiri nini."

"Nasubiri majibu ya maabara," Inspekta alijibu.

"Sema kwa sauti. Sikusikii."

Wengi humwambia hivyo. Kituoni wenzake wanamwita Polepole, na wahalifu wawili watatu waliwahi kukiri makosa yao kwa sababu tu walichoka kumwambia arudie swali.

"Nasubiri majibu," alirudia. "Nieleze tena habari za Jumamosi."

"Nimeshaeleza mara mbili."

"Ya tatu nitaiandika vizuri."

Fundi cherehani alipumua. Alikuja saa nne asubuhi, alisema, na kilo nne za nyama. Tangu mwaka mpya hakuwa amewaona wazazi wake. Anaishi mbali na kazi haimpi nafasi. Alimwambia mama yake, leo hushiki kitu, kaa. Akapika yeye. Wakala saa saba, wazazi wawili na yeye. Nyama ikabaki nyingi, zaidi ya nusu ya sufuria. Jua lilipozama akaondoka.

"Na mke wa kaka yako?"

"Alikuwa kwa dobi, anakofua. Hata kuomba ruhusa aje kunisalimia, hakuomba." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wiki mbili zilizopita jirani alimsikia akimwambia Mama, 'Nyama hii iko siku itatuua.' Mtu anasema maneno kama hayo kwa nini? Na Jumapili Baba kala, Mama kala, yeye hakugusa. Yuko mzima kama jiwe."

Inspekta aliandika, ingawa maneno yale alikuwa nayo tayari. Akalitazama jiko. Lilikuwa jiko la gesi la mafiga mawili. Kwenye kona palikuwa na friji. Alilifungua. Ndani hamkuwa na baridi wala taa; mlikuwa na vikombe, sahani zimepangwa kwa ukubwa, na kopo la majani ya chai mahali pa mayai.

"Limekufa lini?"

"Nasikia mwezi uliopita. Kaka anasema akirudi safari atalitengeneza. Kila akirudi na lori lake anasema hivyo hivyo." Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Mama aliligeuza kabati. Alisema angalau sasa halipigi kelele."

Ukutani, kando ya dirisha, palikuwa na misumari mitano. Wa kwanza ulishika upawa, wa pili chujio, wa tatu kisu kirefu, wa nne kikaango kidogo. Kwenye wa tano kilitundikwa kitambaa cha kufutia vyombo, kipya, chekundu, pindo lake limeshonwa kwa mkono ulionyooka. Inspekta aliuinua mfuko wa ushahidi, akausogeza karibu na kitambaa. Rangi ilikuwa moja.

"Umekishona wewe?"

"Ndiyo. Zawadi ya Mama."

"Ulimpa lini?"

"Si Jumamosi hiyo hiyo." Alikitazama kutoka mlangoni. "Kulikuwa na kimoja tu humu ndani, kimekuwa kama wavu."

Inspekta alikigusa kitambaa. Kilimwachia manyoya mekundu kwenye vidole, kama nguo yoyote ambayo haijafuliwa mara ya kwanza. Alikitazama kile kinachoonekana nyuma yake, ukutani: doa refu la mafuta, jembamba, lenye umbo la mpini. Kitu kingine kilikuwa kimeuzoea msumari huo kwa miaka.

Aliandika: msumari wa tano.

*

Bwana Afya alikuwa amefika kituoni kabla yake, amekaa mbele ya meza ya Mkuu wa kituo na bahasha magotini. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kufunga migahawa na kuchukiwa kwa ajili hiyo.

"Hakuna sumu ya panya," alisema mara tu Inspekta alipoketi. "Si kwenye nyama, si kwenye matapishi, si kwenye bakuli. Ile pakiti kazi yake ilikuwa panya, na nilivyoliona lile sinki, panya wapo."

"Kwa hiyo kafa na nini?" Mkuu aliuliza.

"Kafa na nyama." Alitoa karatasi. "Kuna kijidudu kinachopenda nyama iliyopikwa. Ukipika, mbegu zake hazifi zote. Sufuria ikiwa kubwa, imejaa, imefunikwa kisawasawa, katikati yake haipoi upesi. Inakaa vuguvugu saa nyingi. Kwake hapo ndipo pa raha. Anazaana. Wewe unafunua, unanusa, hakuna harufu. Unaonja, tamu. Saa sita baadaye tumbo linakatika. Mtu mwenye nguvu anaendesha siku moja, anapona. Mama wa miaka sabini na moyo wake mbovu, maji yanamwishia mwilini kabla hajafika hospitali."

"Nyama ilikaa nje muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia. Mimi naona ni kama mchana kutwa na usiku kucha."

Inspekta alihesabu kwa kalamu. Saa saba mchana Jumamosi hadi saa saba mchana Jumapili.

"Mimi mke wangu nimemfundisha hivi," Bwana Afya aliendelea, akimgeukia Mkuu ambaye hakuwa ameuliza. "Mkishakula, nyama isilale kwenye sufuria. Igawe kwenye vyombo vidogo, vya chini chini, ipoe haraka, ifunike, iingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Humo ina siku tatu, nne basi. Ukiitaka, toa ile utakayokula tu, ichemshe mpaka itokote katikati, si pembeni tu. Ikibaki tena, usiirudishe."

"Na asiye na friji?"

"Apike ya kula siku hiyo."

"Watu huchemsha kila usiku," Inspekta alisema. "Nyumbani kwetu tulichemsha."

"Hata kwetu. Siwezi kuisifu kazi hiyo, maana kuna vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Lakini huyu wa leo angekufa. Wangeichemsha vizuri Jumamosi usiku, au Jumapili kabla ya kula, yule mama angekuwa anamgombeza mtu saa hizi."

Mkuu aliivuta karatasi upande wake. "Basi si mauaji ya kukusudia. Ni uzembe. Kazi ya kuchemsha usiku ilikuwa ya nani?"

Inspekta alilifungua jalada. Maelezo ya mkamwana yalikuwa mafupi, kurasa mbili, na nusu yake ilikuwa maswali. Swali: Nani huchemsha mboga iliyobaki? Jibu: Mimi, nikirudi kazini, au Mama kama hajalala. Swali: Jumamosi ulichemsha? Jibu: Sikuchemsha. Swali: Kwa nini? Na hapo askari aliyekuwa akiandika alikuwa ameandika: hajibu.

"Kakiri mwenyewe," Mkuu alisema. "Kazi ni yake, hakuifanya, mtu kafa. Kaka mtu yuko njiani na lori, binti mtu anataka haki, na mimi nataka jalada hilo liondoke hapa saa kumi."

"Naomba nimwone mzee kwanza."

"Mzee ataongeza nini?"

"Msumari," Inspekta alisema.

"Sikukusikia."

"Nimesema sitachelewa."

*

Mzee alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, dripu mkononi. Alikuwa seremala maisha yake yote na hata akiwa amelala vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kitanda, vikikagua maungio.

"Sogea, mwanangu," mzee alisema, Inspekta alipojitambulisha. "Sauti yako na masikio yangu yamegombana."

Alisogea. Akampa pole. Mzee aliipokea kwa kichwa.

"Wameniambia jana," alisema. "Mimi nimepona kwa sababu sina meno. Nilikula mchuzi na vinyama viwili. Yeye alikula vizuri, alifurahi binti yake kapika. Alisema, mtoto huyu chumvi hajaikosea." Akaligeukia dirisha. "Mkwe wangu mbona haji? Wifi yake anasema yuko kazini. Siku tatu yuko kazini? Huyo hata kwa mafua yangu huomba ruhusa."

Inspekta hakujibu swali hilo. Aliutoa mfuko, akauinua ule mwiko mbele yake.

"Mzee, huu unaujua?"

"Nimeuchonga mimi. Huo ufa ni wa juzi juzi, uliangukia sakafuni."

"Mahali pake ni wapi?"

"Kwenye msumari, karibu na dirisha. Isipokuwa usiku."

"Usiku unakuwa wapi?"

Mzee alijiinua kidogo. Alionekana kufurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Hiyo ni akili ya mke wangu. Friji lilipokufa, tukaanza kuchemsha mboga usiku ili isiharibike. Basi wiki ya kwanza, yeye akachemsha, akaenda kulala. Mkwe akarudi kazini, hajui, akachemsha tena, akasinzia pale pale kwenye kigoda. Iliungua ile. Tulikula mkaa siku mbili, na mimi nikaambiwa nisiseme neno. Ndipo mke wangu akaweka alama. Jioni, jua likizama, anafunga dirisha la jikoni na kuutundika mwiko kwenye msumari. Usiku, atakayechemsha anaulaza mwiko juu ya kifuniko. Ukiukuta mwiko pale, basi, kazi imeshafanyika, nenda kalale. Ukiamka asubuhi ukaukuta, ujue mboga ni salama."

"Nani anaijua alama hiyo?"

"Sisi wa nyumbani. Mimi, yeye, mkwe. Mwanangu wa lori naye, akiwepo."

"Na binti yako?"

"Yule?" Mzee alitikisa kichwa. "Friji limekufa mwezi uliopita, yeye hajaja tangu mwaka mpya. Nani angempigia simu kumweleza habari za mwiko?"

Inspekta aliuweka mwiko magotini. Hakuwa na haja ya kuuliza tena. Aliona vidole vya mzee vimeacha kupapasa.

"Jumamosi jioni," mzee alisema taratibu, "mke wangu hakufunga dirisha. Mtoto alimwambia alale tu, atafunga yeye. Nilikuwa sebuleni. Nilimsikia anaosha vyombo. Aliosha vyote. Alikuwa anaimba."

"Jumapili mkeo aliupasha vipi moto mchuzi?"

"Kidogo tu, kwenye bakuli la bati, wa kuondoa baridi. Nilimwambia uchemke. Akasema, mwiko upo, mkwe wako keshauchemsha usiku, unataka niutoe roho?"

Muuguzi alipita na toroli. Magurudumu yalilia hadi mwisho wa wodi. Mzee alikuwa amelitazama dari.

"Afande," alisema. "Usimwambie binti yangu."

"Nisipomwambia, mkwe wako anapelekwa mahakamani leo. Yuko rumande tangu Jumatatu. Hayuko kazini."

Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Inspekta aliangalia dripu kama bado inadondoka.

"Basi mwambie polepole," mzee alisema.

*

Saa nane na nusu walikuwa tena jikoni. Inspekta alikuwa ameomba sufuria nyingine kubwa ya jirani, akaijaza maji nusu, akaifunika na kuiweka jikoni mahali pale pale. Alishusha kitambaa chekundu kutoka msumarini, akakiweka mezani. Mwiko, uzi wake ukiwa umebaki kwenye mfuko wa ushahidi, upawa, sahani tatu, bakuli, vyote akavitia kwenye sinki. Askari mmoja alisimama nje na kamera.

"Sielewi mchezo huu," fundi cherehani alisema.

"Nionyeshe ulivyoosha vyombo Jumamosi. Usinieleze. Nionyeshe tu."

"Vyombo vinahusiana nini na sumu?"

"Hapakuwa na sumu, dada. Majibu yametoka."

Fundi cherehani alisogea kwenye sinki. Kisha akakunja mikono ya gauni, akafungua bomba. Alikuwa mwepesi, mikono yake ilijua kazi kuliko yeye alivyojua. Sahani, moja, mbili, tatu, akazifuta na kuzipanga ndani ya friji. Bakuli. Upawa, akaufuta, akautundika kwenye msumari wake bila kuangalia. Mwiko, akauosha mara mbili, akausugua kwenye ufa, akaufuta kwa kitambaa chekundu, ncha hadi mpini. Halafu akakikung'uta kitambaa, akakinyoosha na kukitundika kwenye msumari wa tano.

Akabaki na mwiko mkononi. Alitazama ukuta. Misumari yote ilikuwa imejaa. Akageuka, akaulaza juu ya kifuniko cha sufuria, ukakikata katikati.

Kisha akafunga dirisha.

"Basi," alisema, akijifuta mikono kwenye gauni. "Nikamuaga Mama, nikaondoka."

"Kwa nini kitambaa ulikitundika pale?"

"Ili akiamka akione. Pale ndipo macho yanapoangukia ukiingia."

"Na mwiko?"

"Sikuona pa kuuweka. Hapo si pabaya, ni safi." Alisita. "Nimekosea nini?"

Inspekta alivuta kigoda, akamwashiria akae. Hakukaa. Basi Inspekta alikaa yeye, ili asimzungumzie mtu kutoka juu, na akamweleza. Alianza na friji. Akaja kwenye mboga iliyoungua, na mkaa uliolika siku mbili, na alama ambayo mama mmoja aliibuni kwa ajili ya watu wanaopishana mlangoni, mmoja anakwenda kulala na mwingine anarudi kazini. Alimweleza alichokikuta mkamwana usiku ule, na alichokikuta mama asubuhi. Mmoja alidhani mwenzake amechemsha. Na mwenzake akadhani vivyo hivyo.

Hakuinua sauti, na safari hii hakuna aliyemwambia arudie.

Fundi cherehani aliutazama mwiko. Akaunyoosha mkono kana kwamba atauondoa, akaurudisha. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji, na vikombe ndani vikagongana.

"Nilimwambia asishike kitu," alisema. "Nilimwambia apumzike."

Inspekta alishuka kwenye kigoda, akachuchumaa karibu naye.

"Hata chumvi aliisifu."

"Mzee kaniambia."

"Baba anajua?"

"Anajua. Aliniomba nisikwambie."

Fundi cherehani aliiona tepu shingoni mwake sasa, kama vile mtu mwingine ndiye aliyemvika. Aliivua, akaanza kuikunja, duara kwa duara, kwa uangalifu mkubwa, mpaka ikabana kiganjani kama konokono.

"Wifi yangu bado yuko kule ndani?"

"Bado."

"Nipeleke."

*

Mkuu alisoma maelezo mapya akiwa amesimama. Aliyasoma yote, akazitazama picha, akamrudishia Inspekta jalada bila kulitia sahihi.

"Hapa simwoni mtu wa kumshtaki," alisema. "Mtoe huyo mwanamke. Bwana Afya aende pale mtaani awafundishe watu. Ndiyo yote tuliyo nayo."

Mkamwana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, mikono yake imepauka kwa sabuni, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyetoka majini. Askari wa zamu alimwagia mezani vitu vyake: simu iliyozimika, hereni mbili, kitambulisho cha kazi. Aliweka sahihi bila kuhesabu. Alipomwona wifi yake amekaa upande wa pili alirudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," Inspekta alisema. "Umeachiwa. Maabara haikukuta sumu."

"Wifi," fundi cherehani alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Ni mimi. Mwiko niliuweka mimi. Sikujua. Nimekuita muuaji mbele ya watu wote, kumbe ni mimi."

Mkamwana alivuta kiti akaketi. Hakuonyesha mshangao. Inspekta aliliona hilo.

"Ulikuwa unajua," Inspekta alisema.

"Jumatatu asubuhi, walipokuja kunichukua, nilikitazama vizuri kile kitambaa kwenye msumari. Nikajua ni nani aliyeosha."

"Mbona hukusema?" fundi cherehani aliuliza. "Siku tatu, wifi. Umekaa rumande siku tatu."

"Ningesemaje? Mama amekufa alfajiri, wewe unajigaragaza uani. Nikufuate pale nikwambie habari za mwiko?"

"Ndiyo. Ungeniambia. Nilikutukana."

"Ulinitukana vizuri sana. Hata mimi sikujua nina mambo yote yale." Wote wawili karibu wacheke, ikawashinda. Fundi cherehani alinyoosha mkono juu ya meza, na mkamwana akauangalia ule mkono bila kuushika.

Inspekta alikuwa amelifunga jalada. Kalamu ilikuwa mfukoni. Kwake kazi ilikuwa imekwisha: alama, kitambaa, msumari, watu wawili walioaminiana. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa jambo moja dogo, swali ambalo askari aliandika mbele yake, hajibu. Jumamosi ulichemsha? Sikuchemsha. Kwa nini? Jibu lilikuwa rahisi: kwa sababu niliukuta mwiko. Mtu asiye na hatia angelisema siku ile ile, hata bila kumtaja wifi yake.

Hakuliuliza. Mkamwana alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Usijibebeshe peke yako, wifi," alisema. "Na usinishukuru. Si kwa ajili yako tu nilinyamaza."

"Nini?"

"Mama akichemsha, mwiko unakuwa na mafuta. Hauoshi, anasema atauosha asubuhi. Ukiugusa unanata." Alizungumza polepole, kama anayesoma maandishi ambayo hajayazoea. "Mimi niliukuta mkavu. Safi kabisa. Nikauliza moyoni, mbona mkavu? Nikaweka kiganja ubavuni mwa sufuria. Nikirudi saa zile, sufuria aliyoichemsha Mama huwa bado inaunguza. Ile haikuwa na moto."

Fundi cherehani aliurudisha mkono wake.

"Siku ile tulipewa mashuka ya hospitali," mkamwana alisema. "Tangu alfajiri. Vidole vilikuwa vinaniwaka, nikasema nikianza kuchemsha sufuria ile kubwa sitalala. Nikautazama mwiko. Nikafurahi kuuona pale. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu mtu akiniuliza ningeweza kusema uko pale."

Nje, askari wa zamu alimwita mtu jina la utani na mwingine akacheka, na kicheko kikaishia ukumbini.

"Nilijua haijachemshwa, wifi. Nikazima taa, nikaenda kulala."